Mwalimu Asiyegonga Chungu

Mwalimu wa Kwaya alinunua chungu kwangu mara tatu, na mara zote tatu hakukigonga.

Nimefinyanga vyungu tangu sijaota matiti. Nimeuza Nachingwea, nimeuza Mtua, nimeuza kwenye minada ya Ruangwa, na sijamwona mtu mwingine wa namna ile. Hata mlevi hugonga chungu. Hata bwana harusi asiyejua jiwe la figa linakaa upande gani hugonga. Unakunja kidole, unagonga kwa kifundo, unatega sikio. Chungu kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Kazi hiyo haina shule, ndiyo maana mimi niliyeishia darasa la pili naiweza. Yeye alisimama hatua tatu nyuma, mkono mmoja mfukoni, akasema, "Nifungie hicho, Mama," kama mtu anayenunua stempu.

Chungu cha tatu kilikuwa na ufa, na mimi nilijua. Nilimwuzia makusudi, nione kama atajifunza. Mchuzi ulipomwagikia mafigani kwake, nikasikia amesema udongo wa Nachingwea ni mbovu.

Ndivyo alivyokuwa. Kibovu kilikuwa cha hapa, kizuri kilikuwa cha huko. "Kizuri hakikai karibu," alisema, na alilisema neno hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu. Akipewa embe anauliza limetoka wapi. Ukimwambia limetoka nyuma ya nyumba, analiweka chini. Alikuwa na saa ya mkononi aliyoletewa na mpwa wake kutoka Dar es Salaam. Saa ile ilikufa mwaka wa kwanza, lakini hakuivua. Ukimwuliza saa ngapi, anaiangalia kwanza ile saa, kwa heshima zote, halafu anainua macho anaangalia jua, ndipo anakujibu. Viatu vyake navyo vilitoka mbali, na vilikuwa vya mtu mwenye miguu midogo kuliko yake. Jumapili alikuja kanisani anatembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Wanawake tukisema, "Mwalimu, vua upumzike," anasema, "Viatu vizuri lazima vikuzoee." Miaka ile yote ya tisini vilikuwa bado havijamzoea.

Ming'oko ndiyo usiseme. Kila mtu wa kwetu anakula ming'oko. Njaa ikija tunaichimba mizizi hiyo porini, njaa ikiondoka tunaichimba vilevile kwa kuwa ni mitamu. Mwalimu alisema mbele ya kwaya nzima kwamba chakula cha kugombania na nguruwe pori hakiingii mdomoni mwake. Wiki hiyohiyo nikapita nyuma ya nyumba za walimu na vyungu vyangu kichwani, nikamkuta amechuchumaa, ameupa ukuta uso, anakula ming'oko mbio kama mtu anayefukuzwa. Maganda yamemzunguka. Sikumwita. Nilikohoa tu kidogo nikapita, na Jumapili iliyofuata aliimba huku ananikwepa macho.

Kula kwake kulikuwa hivyo siku zote, hata penye wali. Harusini alichukua sahani yake, akageuka, akatupa mgongo. Tulisema anajivuna. Mimi nilisema kwa sauti zaidi ya wote.

Sasa nisimnyime haki yake. Mtu yule alikuwa na sauti. Akiinua "Bwana utuhurumie," wanawake waliokuwa wanagombana bombani walinyamaza ndoo mikononi. Nimesikia watoto wa Kiislamu wa jirani wakiimba Misa yetu wakichunga mbuzi, wameishika kwake kwa kupita tu dirishani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi asubuhi na mwalimu wa kwaya jioni, na kwenye kwaya hakuna aliyemweza. Ukikosea sauti kwenye mstari wa nyuma kabisa, anakuonyesha kwa kidevu, hakosi. Nilijiuliza mara nyingi: mtu mwenye masikio kama yale anawezaje kununua chungu bila kukisikiliza?

Mwandiko wake sasa. Jongoo aliyetumbukia kwenye chokaa akapanda ubao angeandika vizuri zaidi. Herufi moja imelala, nyingine imepiga magoti. Na mwenye mwandiko huo ndiye aliyewachapa watoto wa watu kwa mwandiko mbaya.

Alikuwa na fimbo ya mpera, nyembamba, aliyoipaka mafuta isikauke. Kazi yake kubwa ilikuwa mikono ya kushoto. Mtoto akichukua chaki kwa kushoto, fimbo. Akipokea kitabu cha nyimbo kwa kushoto, fimbo. "Kushoto ni kwa chooni," alisema, na wazazi wengi walimshukuru, maana kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni tusi, hata kama kitu chenyewe ni sukari. Wake mwenyewe wa kushoto aliuhifadhi mfukoni mwa suruali. Kwaya aliiongoza kwa kulia peke yake, mkono unapanda unashuka, mgumu kama mpini wa pampu.

Mara moja tu niliuona ukitoka. Ilikuwa katikati ya Misa. Mshumaa mkubwa uliegemea, ukaanza kuangukia kitambaa cha altare. Sisi bado tunafumbua midomo ya kupiga kelele, ule mkono wa mfukoni ukatoka kama ulimi wa nyoka, ukaudaka mshumaa hewani, nta ya moto na yote. Tulishangilia. Yeye akautazama mkono wake kama anayetazama mwizi aliyekamatwa nyumbani kwake, akaurudisha mfukoni na nta yake. Nikasema moyoni, huyu hata kuokoa kanisa anaona haya.

Sasa niingie kwa Skola, maana bila Skola mimi nisingekuwa na habari na huyu bwana.

Skola ni mtoto wa binti yangu. Mama yake aliolewa Masasi, mtoto akabaki kwangu tangu anaachishwa ziwa. Ni mashoto. Alizaliwa hivyo. Kijiko kushoto, jembe kushoto, hata mbu alimpiga kwa kushoto. Alijitengenezea gitaa la galoni ya mafuta na nyuzi za waya wa breki za baiskeli, akalipakata kinyume na watu wote, akapiga. Bati lile lilikuwa linaimba, jamani. Tulikwenda bondeni kuchimba udongo, mimi nachimba, yeye anapiga, na siku ikaisha bila mgongo kuniuma. Alipofika miaka kumi na mitatu akaingia kwaya. Hapo ndipo fimbo ya mpera ikakutana naye.

Siku moja alirudi kidole kidogo cha kushoto kimevimba kama kiazi. Nilikwenda kanisani palepale, udongo umenikaukia mpaka viwikoni. Mwalimu alikuwa anakusanya vitabu.

"Mwalimu, mkono wa mjukuu wangu umekosa nini?"

"Haujakosa, Mama. Unafundishwa."

"Unafundishwa kuvimba?"

"Mkono wa kushoto ukiachiwa utotoni, ukubwani haurudi. Watu watamcheka. Mimi namsaidia. Atanishukuru."

"Na wewe nani alikusaidia?"

Nilisema tu kwa hasira, sikuwa na maana yoyote. Akaiangalia ile saa yake iliyokufa, kwa muda mrefu.

"Mimi nafinyanga kwa mikono yote miwili," nikamwambia. "Hakuna chungu kilichowahi kuniuliza huu ni upi. Ukimgusa tena, nitakuja na mwiko."

Hakumgusa tena. Lakini akatoa amri: kwenye kwaya yake Skola ataimba, gitaa hatashika, kwa kushoto wala kwa kulia, na lile la bati lisionekane kanisani.

Gitaa lenyewe la kwaya lilikuwa la zamani, limeachwa na mapadri wa kwanza. Lilikaa ukutani sakristia. Siku moja Deo, mpiga gitaa wetu, alilinyanyua, mbele ikaja mkononi, mgongo ukabaki ukutani na mchwa ndani yake. Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zimeshaingia Nachingwea, kila mtu anapanda kichuguu kutafuta mtandao. Na mwaka ule kwaya yetu ilialikwa Ruangwa kwenye sikukuu ya parokia, pamoja na kwaya nyingine zote za huku. Tulikuwa na shamba la ufuta Mtua. Tulilima wote. Skola alikata ufuta kwa kushoto na sikusikia ufuta ukilalamika. Tukauza, tukasema tununue gitaa.

Karibu na stendi alikuwepo mzee mmoja wa duka la spea za baiskeli. Aliuza majembe, betri, karabai, na darini, katikati ya matairi, alitundika magitaa matatu. Mwenye Duka yule alikuwa na mila yake. Hakuuzii gitaa ukiwa umesimama. Anakuvutia kreti la soda ukae, anakuwekea gitaa mapajani, anafumba macho anasikiliza. Ukimwuliza bei anakukatiza: "Kwanza mpakatane. Mahari baadaye." Watu wengine aliwakatalia kabisa. Alimwambia ofisa mmoja, "Hili halikutaki, chukua tochi."

Nikasema kwenye mkutano wa kwaya, "Twendeni kwa Mwenye Duka, Deo akae kwenye kreti."

Mwalimu akacheka kwa pua. "Gitaa la kutundikwa na matairi? Mama, dunia imebadilika. Siku hizi vitu vinanunuliwa kwa kompyuta. Unachagua mwenyewe duniani kote, linakuja mpaka mlangoni."

"Nani analigonga?"

"Haligongwi. Unaona picha."

"Hata marehemu ana picha nzuri," nikamwambia. Watu wakaangua kicheko, lakini wakapiga kura ya kompyuta. Kizuri hakikai karibu. Mkutano ukanituma mimi na Deo tukashuhudie ununuzi, Deo kwa kuwa ndiye mpigaji, mimi kwa kuwa siogopi mtu. Siku yenyewe Deo akaamka na malaria. Nikasema tumsubiri. Mwalimu akasema umeme wa Nachingwea hausubiri mgonjwa.

Kile chumba cha intaneti kilikuwa na mashine mbili na feni moja. Kijana wa pale akavuta viti. Picha zikawa zinashuka polepole, kama maji ya kutekwa kwa kijiko: kichwa cha gitaa, shingo, unangoja, tumbo. Mimi nikanyoosha kidole nikakigonga kile kioo, ngo ngo.

"Bi mkubwa!" kijana akaruka. "Usigonge! Hii inabofywa, haigongwi."

"Kimekohoa," nikasema.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameinama, uso umekaribia kioo. Likaja gitaa la kwanza, akatikisa kichwa. La pili, la tano, la tisa. Mengine yalikuwa mazuri, yanang'aa, hata mimi niliyaona. Kila moja akasema, "Hapana. Limekaa vibaya." Nikamwuliza vibaya vipi, akasema hajui, macho hayalitaki. Halafu likaja moja, rangi ya asali. Nikaona ule mkono wa mfukoni ukatoka, mkono wa kushoto, ukanyoosha kidole mpaka karibu na kioo.

"Hili," akasema taratibu. "Hili limekaa sawa."

"Ticha," kijana akasema, "pale chini kuna maelezo. Yasome kwanza kabla sijabofya."

"Kijana, mimi nimefundisha Kiingereza kabla mama yako hajaolewa. Bofya."

Akabofya. Mpwa wake wa Dar, mwenye kadi ya benki, akamalizia huko. Sisi tukaanza kungoja. Ufuta ukapandwa tena, ukaota, ukafika magotini. Kila basi la Dar likiingia, Mwalimu yuko stendi na viatu vyake, anapepesuka. Mwenye Duka alikuwa anamwona, maana duka lilitazama stendi. Alimtolea kreti akalie. Kila siku, kreti lilelile, akae tu angoje. Mwalimu hakukaa hata mara moja.

Likaja. Boksi refu, lilikuwa limelaliwa na magunia ya dagaa safari nzima, linanuka Kigamboni. Tulikusanyika uwanjani kwa kanisa. Deo akalitoa, akalipakata, akatulia. Akaligeuza. Akalirudisha. Kwenye bega la gitaa lile, karibu na shingo, kulikuwa na mkato, wa kupitishia mkono. Sasa mkato uko juu unatazama mbingu.

"Mwalimu," Deo akasema, "hili limepinduka. Uzi mnene uko chini."

"Halijapinduka," sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa Skola. Alikuwa amesogea hajijui, mkono wa kushoto umeshatangulia.

Mwalimu akamwangalia mtoto, akauangalia mkono. "Weka mkono wako chini," akasema.

Tukalipeleka kwa Mwenye Duka. Mzee akavaa miwani, akakaa mwenyewe kwenye kreti, akalipakata huku, akalipakata kule, akacheka mpaka akakohoa. "Gitaa zuri kuliko yote niliyowahi kutundika," akasema. "La mashoto. Lina mwenyewe. Mtafuteni."

"Pindua nyuzi," Mwalimu akasema.

"Nitapindua nyuzi, lakini mifereji zinamokaa nyuzi sitaipindua. Mnene utakosa pa kukaa, mwembamba utacheza. Mwalimu, mtu mwenye sauti kama yako! Si mnaye mtoto mmoja..."

"Pindua."

Akapindua. Tukaenda Ruangwa na gitaa lililovaa kanzu mbele nyuma. Uwanja umejaa, kwaya za Nambilanje, za Malolo, za wapi, kila moja na ngoma zake. Skola alisimama mstari wa nyuma, mikono ameikunja mgongoni. Ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili uzi mwembamba ukaruka kwenye mfereji wake, ukaanza kuzomea kama nyigu ndani ya chupa. Deo akaukandamiza, mnene ukatoka.

"Nachingwea mmeleta mashine ya kusaga?" akapaza sauti mtu. Uwanja mzima ukacheka. Mwingine akadakia, "Wekeni mahindi basi!"

Mwalimu akanyoosha kiganja kumzuia Deo, akaimba peke yake mpaka mwisho. Aliimba vizuri kuliko siku zote na hakuna aliyesikiliza. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyefungua mdomo. Nikaufungua mimi. "Ungegonga, Mwalimu," nikamwambia. Nilisubiri miaka kulisema neno hilo, na lilikuwa tamu, nisiwadanganye.

Alilifungia gitaa kwenye kabati la sakristia. Skola akamfuata, akapiga goti, akamwomba alijaribu mara moja tu, kabati likiwa wazi, yeye mwenyewe akiwepo. Akamwambia, "Bora liliwe na mchwa."

Mtoto akaacha kwaya. Hilo ningelimeza. Lakini akalining'iniza na lile la bati nyuma ya mlango, na hakuligusa tena. Tulikwenda bondeni kuchimba udongo, mimi nachimba, yeye anachimba, kimya. Mgongo ukaanza kuniuma. Akishika kikombe, anakihamisha mkono wa kulia, anamwaga nusu. Alikuwa anajinyoosha mwenyewe, bila fimbo. Nikamchukia yule mtu kwa moyo mzima. Nilimsema kisimani, nilimsema kwenye jumuiya, nilimsema mbele ya Padri.

Halafu alasiri moja natoka bondeni, nakuta kitu kimelala mkekani mbele ya mlango wangu, kimefungwa blanketi. Gitaa la rangi ya asali. Nyuzi zimerudishwa kila mmoja mahali pake pa asili. Skola alilitazama kama mtu anayetazama nyoka. Kisha akakaa, akalipakata, akapitisha kidole, akaniangalia macho yamejaa.

"Bibi, limeshatiwa sauti. Lote. Mtu amelipatanisha."

Nilijua ni nani. Nilikamata kuku nikampelekea Mwenye Duka. "Sijaligusa, Mama," akasema, akanirudishia kuku wangu. Nikamwambia jirani, mnaona? Huyu ndiye mtu, anatenda wema na kuku anakataa, si yule. Yule wiki hiyohiyo alikuwa amestaafu na kurudi kwao Nambilanje bila kutuaga, funguo za kabati amemwachia Padri. Nikasema amekimbia aibu. Nililisema hilo miaka.

Skola akapiga. Akapiga kanisani, akapiga harusini, akapiga Masasi wakamlipa na soda. Kidole chake kidogo mpaka leo hakikunjiki sawasawa, lakini kinapiga.

Ikapita miaka. Nikapeleka vyungu mnadani Nambilanje, nikabakiwa na vitatu. Mama mmoja akanionyesha nyumba: pale kwa mwalimu mstaafu, anaishi peke yake, vyungu huwa vinamvunjikia. Nilikaribia kukataa. Nikasema hapana, nikamwone ameishaje.

Nilitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hana viatu, miguu imetanuka kwa raha zake. Anamenya mhogo. Kisu kiko mkono wa kushoto. Jamani, nimeona watu wakimenya mihogo tangu nizaliwe. Ganda lilikuwa linashuka refu, moja, halikatiki, kama utepe wa bibi harusi. Nikakanyaga jani. Kisu kikaruka mkono wa kulia, na ganda likaanza kukatika vipandevipande.

"Usihangaike, Mwalimu," nikasema. "Nimeshaona."

Akabaki na mhogo hewani. "Karibu, Mama," akasema baadaye, kwa sauti ndogo. Ile sauti yote imeisha.

Nikaketi. Nikautazama ule mkono, maana sasa hakuwa na mfuko wa kuufichia. Vifundo vya vidole vilikuwa vimekaa ovyo, kimoja juu, kimoja pembeni, vile vya mtoto aliyevunjwa akapona bila mganga.

"Nani?"

"Baba. Alikuwa katekista. Aliogopa watu watasema." Akaufuta mkono kwenye suruali. "Yeye alitumia mpini wa jembe. Mimi nilitumia fimbo ndogo."

Alilisema kama mtu anayeomba apunguziwe.

"Kidole cha Skola hakikunjiki," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Hakujitetea. Kuku walipita katikati yetu, wakaokota maganda.

"Lile gitaa," nikasema, "kumbe siku ile pale kwenye kioo..."

"Sikujua, Mama. Nakuapia. Niliona tu limekaa sawa." Akaweka chini mhogo na kisu. "Halafu baada ya Ruangwa nilijifungia nalo sakristia alasiri moja. Nikarudisha nyuzi. Nikalipakata linavyotaka lenyewe. Mimi sijui kupiga. Lakini lilikaa." Akaweka mikono yote miwili tumboni, kuonyesha. "Lilikaa."

"Ukaliacha kwangu ukakimbia kama mwizi wa kuku."

"Ningesema kwa mdomo upi?"

Nikawafukuza kuku. Akauliza, "Bado anapiga kwa mkono ule?"

"Ana mwingine?"

Akacheka. Sijawahi kumwona akicheka mdomo wazi. Ana pengo upande mmoja. Mimi si Padri, sikumwondolea dhambi, wala hakuniomba. Nilimpangia tu vyungu vyangu vitatu mbele yake, kwa kuwa nilikuja kuuza.

Akasogea. Akautazama mlango, akaitazama njia kama kuna mtu, halafu akakunja kidole cha kushoto, kile kilichopinda, akagonga cha kwanza. Kikalia. Akagonga cha pili, akainamisha kichwa vile alivyokuwa akifanya mstari wa nyuma ukikosea.

"Hiki kinakohoa, Mama," akasema. "Ni ndugu yake na kile cha tatu ulichoniuzia?"

Nilihisi masikio yananiwaka. "Ulijua?"

"Mchuzi ulinimwagikia mguuni. Nilijua."

"Na hukurudi kunigombeza?"

"Ungeniuliza mbona sikugonga, na mkono wa kugongea ulikuwa mfukoni."

Nikakivuta kile kibovu nikakificha nyuma ya khanga yangu. Yeye hakunitazama. Alikuwa amerudi kwenye cha kwanza, anakigonga tena, na tena, polepole, kwa kifundo kilekile. Hakuwa anakipima. Kilikuwa kizima na alishajua. Alikuwa anakisikiliza tu, na mimi nikamwacha asikilize.